Mbwa wangu hapati choo: kosa lilikuwa kwenye mifupa

Mbwa wangu wa kilo 25 nilimtoa kwenye ugali na dagaa nikamwanzishia nyama mbichi. Buchani mifupa ya supu ni rahisi kuliko nyama, basi bakuli likajaa mifupa. Baada ya wiki moja akawa anachuchumaa huku akilia, na kinyesi kinatoka cheupe, kikavu, kinamung'unyika kama chokaa. Iliniuma sana kumwona vile.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akampa dawa ya kulainisha choo, akaniambia mfupa usizidi sehemu moja kati ya kumi ya chakula. Sasa nampimia gramu 600 kwa siku: nyama na moyo wa ng'ombe, maini kidogo, na shingo tatu za kuku. Shingo ni mbichi kabisa, maana mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Siku ya tatu choo kikarudi kuwa cha kahawia, na kilio kikaisha.

Nakuomba usilipuuze hili: maini au mapafu yenye malengelenge ya maji usimpe mbwa kamwe. Huenda yana minyoo ya hidatidi, aina ya tegu, inayomfikia binadamu kupitia kinyesi cha mbwa. Yafukie kwa kina, na dawa ya tegu, prazikwanteli, mpe kwa ratiba ya daktari.