Barua za Keya: nimemaliza mwaka 1944

Barua zote za 1944 sasa zimenakiliwa. Ni zile ambazo kaka yake babu, kijana wa batalioni ya 11 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo watu waliliita Keya), alimwandikia mama yake hapa Maseno, yeye akiwa vitani Burma. Nazipiga picha asubuhi karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kwa sababu penseli hung'aa na herufi zikapotea. Kisha kila moja inaingia kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hapana, na unyevu huu wetu.

Kujua aliandikia wapi ndiko kunakonichelewesha. Maofisa walizisoma barua kabla hazijatumwa, basi hamna mji wala mto. Ninazo tarehe tu. Septemba analalamikia matope na vidonge vya malaria. Miezi hiyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka Bonde la Kabaw, mvua ikinyesha na homa ikiangusha watu, hadi ikafika mto Chindwin. Hapo Desemba likajengwa daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la zaidi ya mita 350. Barua yake ya mwisho wa mwaka inasema hatimaye analala pakavu.

Mama yake hakujua kusoma. Mwalimu wa misheni ndiye aliyemsomea, akigeuza Kiswahili kuwa Dholuo, majirani wameketi wanasikiliza. Kwa hiyo kijana aliandika akijua ofisa ataisoma kwanza na kijiji kizima kitaisikia. Nusu ukurasa ni salamu, mtu kwa jina lake. Halafu anauliza kama zile pesa anazokatwa kwenye mshahara zinamfikia mama kwa DC, mkuu wa wilaya, na kama mdogo wake, ndiye babu yangu, bado yuko shule.

Na kila barua, bila kukosa, anaomba simba yake, yaani nyumba ya kijana asiyeoa katika boma la Waluo, iezekwe upya kabla ya mvua. Sikuyatilia maanani mwanzoni, ila kadiri ninavyonakili ndivyo ninavyoamini kwamba hapo ndipo alipozungumza na mama yake peke yake. Nyumba ya kijana haiezekwi kama harudi. Ofisa angeona ni habari ya nyasi tu, mama angeelewa.

Majina mengi ya kwenye salamu siyatambui. Jumamosi nampelekea nyanya orodha tuyapitie moja moja, nirekodi sauti yake, ndipo nifungue barua za 1945.