Daftari la foromani

Ilikuwa tarehe 30, saa kumi jioni, na nilikuwa nimekwenda saiti kwa shughuli nyingine kabisa. Dhamana ya utendaji ya mradi wetu ilikaribia kwisha muda, benki ilitaka sahihi ya meneja mradi ili iirefushe, na meneja alikuwa hajaonekana makao makuu wiki nzima. Nikaona nimfuate hukohuko.

Tulikuwa tunajenga daraja. Mimi nilikuwa mwanasheria pekee wa kampuni, mwaka wa pili kazini, nikitoka kwenye ofisi ya mawakili ambako faili lilinifikia mgogoro ukiwa umeshaiva. Nilipofika, mtambo wa kuchoronga kwenye nguzo ya tatu ulikuwa kimya. Foromani alikuwa ameketi juu ya bomba la chuma, kofia ngumu magotini.

"Shikamoo Mzee. Mtambo umeharibika?"

"Marahaba mwanangu. Mtambo mzima. Ardhi ndiyo haina kitu. Tunamwaga zege, linapotea."

Chini ya mto ule kulikuwa na mawe ya chokaa, na chokaa huliwa na maji polepole hadi yabaki mapango. Ripoti ya udongo tuliyopewa wakati wa zabuni haikuyaonyesha. Mashimo ya uchunguzi yalikuwa machache, na pango likiwa katikati ya shimo na shimo, hakuna anayeliona mpaka aliangukie.

Nikamuuliza ni tangu lini. Akajibu kwamba ameandika.

Tuliingia kwenye kontena lililokuwa ofisi yao. Daftari lilikuwa limefungwa kwa nailoni, na ukurasa wa tarehe 3 ulikuwa na alama ya kidole gumba cha tope, imekauka, ikapukutika nilipoufunua. Mwandiko wa penseli, umenyooka: "Saa 8:20 mchana. Keke imezama ghafla mita 2 na nusu. Tope la kuchorongea limetoweka shimoni. Nimemwarifu mhandisi wa zamu."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, kisha nikarudia. Mkataba wetu ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mikataba ya mfano ya ujenzi, toleo la 1999, na kifungu chake cha 20.1 hakimbembelezi mtu. Mkandarasi anayetaka muda wa ziada au malipo ya ziada humpa Mhandisi, yule anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, yaani mwenye mradi, notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio lenyewe. Zikipita, hapati siku wala senti, na mwajiri anakuwa huru. Tatu kuongeza ishirini na nane ni thelathini na moja. Kesho yake.

Meneja mradi alikuwa na hesabu tofauti. Kwake tatizo lilianza tarehe 14, siku lilipoingia kwenye muhtasari wa kikao. Nikamwonyesha daftari. Alilitazama muda mrefu, halafu akasema jambo ambalo nimelisikia kwa mameneja wengi baadaye: Mhandisi ni mtu wetu, tunaelewana naye, ukimwandikia barua ya madai umemtangazia vita.

Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyekaa na Mhandisi kila siku, ndiye aliyehitaji michoro ipitishwe na hati za malipo zitoke kwa wakati. Lakini fidia ya ucheleweshaji ingekatwa kwa kila siku tutakayochelewa, na Mhandisi, hata awe mwema vipi, hana mamlaka ya kuubadilisha mkataba kwa wema wake. Nikamwambia siandiki madai. Hesabu na vielelezo vina muda wake, siku 42 kwa kifungu kilekile. Ninaandika taarifa tu: tumekuta nini, wapi, lini, na kwamba tunaona tunastahili muda na gharama chini ya kifungu cha 4.12, kile cha hali ya ardhi isiyoweza kutazamiwa. Mistari minane. Akaisoma mara mbili, akafuta neno moja lililokuwa kali, akatia sahihi. Neno lile alilifuta kwa haki.

Najua wapo watakaonikumbusha hukumu ya 2014 ya Mahakama Kuu ya Uingereza kuhusu handaki la uwanja wa ndege wa Gibraltar, ambapo Jaji Akenhead alikisoma kifungu hiki kwa upole zaidi, kwamba siku zinaweza kuanza kuhesabiwa ucheleweshaji wenyewe unapoanza. Hukumu nzuri. Ila mwanasheria wa ndani ya kampuni kazi yake ni kuhakikisha upole huo hauhitajiki.

Asubuhi ya tarehe 31 niliipeleka barua mwenyewe. Kiambatisho cha zabuni yetu hakikutaja barua pepe kama njia ya mawasiliano, kwa hiyo ilibidi ipelekwe kwa mkono na kupokewa kwa maandishi. Katibu muhtasi alisema Mhandisi yuko safarini, niiache mezani. Nikamwomba anigongee muhuri kwenye nakala. Akasita, hajaagizwa. Nilisimama pale, nikamweleza kwa heshima kwamba simwombi akubali lolote lililoandikwa ndani, ila tu kwamba karatasi imefika. Mwishowe akagonga. Saa 4:35 asubuhi, kwa kalamu ya bluu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka nilipoikunja ile nakala.

Mabishano yaliyofuata yalichukua miezi. Mhandisi hakugusa suala la notisi, hakuwa na pa kushika. Hoja yake ilikuwa kwamba mkandarasi mzoefu, akiambiwa kuna chokaa, angetazamia mapango. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ilitupunguzia tulichoomba. Tukapata sehemu ya siku, na gharama bila faida, kama kifungu cha 4.12 kinavyosema. Zilitosha kutuepusha na makato.

Kilichonikaa rohoni ni kingine. Nilikuwa nimewafundisha mameneja kifungu cha 20.1 mara mbili, ukumbini, kwa picha za ukutani. Aliyeshika penseli siku keke ilipozama hakuwahi kualikwa. Wiki iliyofuata nilirudi saiti, nikaketi naye juu ya lile bomba, nikamsomea kifungu neno kwa neno. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo nilipoandika pale, saa ilikuwa imeshaanza kutembea, na mimi ndiye niliyeiwasha?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee.

Alikaa kimya. Akaniomba namba yangu ya simu, akaiandika kwa penseli ndani ya jalada la daftari.

Miezi minne baadaye simu iliita kabla hakujakucha vizuri. "Wakili," akasema, nikisikia maji yakimwagika nyuma yake, "nguzo ya tano. Dakika kumi zilizopita. Andika."