Paneli ya filta imefika, sasa zamu ya osileta

Wakuu, paneli ya mbele ya ile filta ya sinthesaiza yangu (moduli inayochuja sauti) imeshafika na nimeifunga tayari, jeki zote (zile soketi za kuchomeka waya) zimeingia bila kulazimisha. Nimefurahi sana aisee, maana kabla ya hapo moduli ilikuwa bodi tupu inaning'inia kwenye waya, ukishika nobu moja bodi nzima inacheza.

Kwa wanaoanza, mimi najenga moduli za mfumo wa Eurorack, yaani sinthesaiza ya vipande vipande unavyopanga kwenye safu na kuviunganisha kwa waya, ule ulioanzishwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani miaka ya 90, so vipimo vya nje vimeshapangwa hapo hubuni kitu. Urefu wa paneli ni milimita 128.5, upana unahesabiwa kwa HP na HP moja ni milimita 5.08. Yangu ni HP 10, ukipiga hesabu inakuja 50.8 lakini unakata 50.5, hako kadogo kanakobaki ndo kanaokoa, la sivyo ukipanga moduli nyingi kwenye safu moja ile ya mwisho inagoma kuingia. Matundu ya skrubu za M3 yanakaa milimita 3 kutoka ukingo wa juu na wa chini.

Lakini utamu wote uko kwenye mpangilio wa ndani. Nimeprinti mchoro kwa ukubwa wake halisi, bila ile printa kuupunguza kujaza karatasi, nikabandika kwenye kadibodi, nikatoboa, nikachomeka potensiomita (vile vidhibiti vya kuzungusha) na nobu zake na jeki na waya kabisa, halafu nikaanza kuzungusha kama vile napiga muziki. Hapo ndo unajua. Kwenye skrini nobu mbili zinaonekana zimeachana vizuri tu, kumbe nobu ina unene na kidole nacho kina unene, na waya zikishajaa zinafunika maandishi. Ndo maana jeki zote nimezishusha chini na jina la kila jeki nimeliweka juu yake, nobu kubwa ya kukata masafa iko peke yake juu, haisumbuliwi na kitu.

Material nimechagua FR4 ya milimita 1.6, yaani ileile ya bodi za saketi, nimechora kwenye KiCad (programu ya kuchora bodi) nikatuma kiwandani faili za Gerber, zile za kutengenezea bodi, kama bodi ya kawaida. Alumini ya milimita 2 iliyochongwa ni nzuri zaidi mkononi, sibishi, ila kwa mtu anayejenga moja moja bei inauma. Na FR4 ina raha yake: rangi nyeusi, maandishi meupe, na pale unapotaka urembo unaondoa rangi shaba ibaki wazi ipakwe dhahabu. Duara la kuzunguka nobu kubwa nimelifanya hivyo na ukiinamisha paneli kwenye taa linawaka lote. Shaba ya nyuma nimeiacha nzima nikaiunganisha na grandi (ground) ya saketi.

Ukienda kuoda waambie matundu yasipakwe shaba ndani, na ile namba ya oda ambayo viwanda vingi huchapa kwenye bodi waiweke nyuma. Matundu ya potensiomita za M7 nimeweka 7.2, zimekaa fresh.

Osileta, ile moduli inayotoa sauti yenyewe, ina jeki nyingi kuliko filta, HP 10 naona haitoshi, nataka nijaribu 12 kwenye kadibodi kwanza kabla sijagusa KiCad.