Kushoto kwa Nani? Nilivyoandika Mahitaji ya Mitambo ya Bendi Yetu

Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka kuliko wa wenzangu, bendi yetu ya watu 11 hapa Mwanza ilinikabidhi mimi, mpiga gitaa la rizimu, kazi ya kuandika mahitaji ya mitambo anayotumiwa mwenyeji wa onyesho kabla hatujafika. Mtu mmoja anayejiita mzoefu alinishauri nichukue karatasi ya bendi kubwa ya Ulaya mtandaoni, nibadilishe jina tu. Nilimsikiliza, nikajikuta ninamwomba mwenye ukumbi mmoja wa Igoma mixa (meza ya kuchanganyia sauti) ya chaneli 48, yaani njia 48 za kuingizia sauti, na jukwaa la upana wa mita 14, wakati ukumbi wenyewe, ukijumlisha na banda la nyama choma, haufiki upana huo. Hakunijibu, alimwita dijei.

Ndipo nilipohesabu vyombo vyetu wenyewe. Mafundi sauti wamezoea orodha inayoanza na ngoma ya mguu na kuishia kwa waimbaji, nami nikafuata hivyo: dramu chaneli 5, tumba 2, magitaa ya besi, solo na rizimu mojamoja, kinanda chaneli 2, saksafoni 1, waimbaji 4. Jumla ikawa 17, idadi ya kuudhi kuliko zote, kwani mixa ninazokutana nazo mara nyingi ni za chaneli 16, na hata hizo si zote zinazopokea maiki katika kila chaneli. Nikaongeza kwamba mixa ikiwa ndogo, kinanda kiingizwe kwa waya mmoja badala ya miwili. Mpiga kinanda alinuna siku mbili.

Aibu yangu kubwa, hata hivyo, ilikuwa mchoro wa jukwaa. Tulialikwa Nansio, kisiwani Ukerewe, safari ya meli inayozidi saa tatu, maana yake ni kwamba ukisahau kitu Mwanza, umekisahau. Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kabisa: kinanda na besi kushoto, solo na saksafoni kulia. Tulipofika tulikuta kila kitu kimepangwa vizuri sana, lakini kinyume. Soketi pekee ya jukwaani ilikuwa upande mmoja, kinanda kilikuwa upande wa pili, na waya wake wa umeme ulikuwa wa mita 3. Nikamwendea fundi sauti, mzee mpole aliyekuwa ameishika karatasi yangu mkononi, nikamwambia, “Shikamoo mzee, mbona hukufuata maandishi? Niliandika kushoto.” Aliitikia marahaba, akavua miwani, akaniuliza, “Mwanangu, kushoto kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Mimi niliandika kushoto kwangu nikiwa jukwaani. Yeye alisoma kushoto kwake akiwa nyuma ya mixa, akitutazama. Kinanda kikahamishiwa kwenye soketi, vingine havikuwahi kuguswa, na tukapiga usiku mzima tumegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje, waimbaji wakigongana mabega kila walipocheza mtindo waliouzoea, huku mpiga saksafoni akimpulizia mpiga kinanda sikioni.

Sasa sehemu ya chini ya mchoro ina neno WATAZAMAJI kwa herufi kubwa, na pembeni nimeeleza kuwa kulia na kushoto ni kwa mwanamuziki anayewatazama hao watazamaji. Onyesho likiwa ufukweni ninaongeza “upande wa ziwa”, kwa maana sijakutana na fundi wa Mwanza asiyejua ziwa liko wapi. Huko huko ninaomba maiki zivishwe sponji, kwa sababu alasiri upepo wa ziwani huingia kwenye maiki ukavuma kama lori. Yote hayo yamo katika ukurasa mmoja wenye tarehe juu, maana karatasi ya zamani ina tabia ya kuzunguka kwenye simu za watu hata baada ya kuifuta. Kuchapisha nakala chache na kuzipaka plastiki hunigharimu elfu kumi na kitu. Siku chache kabla ya onyesho humwomba fundi picha ya mixa yake, mbele na nyuma, nikahesabu matundu mwenyewe. Picha hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko ahadi za simu.

Tangu hapo hatujapangwa kinyume tena, ingawa mpiga kinanda bado hasafiri bila waya wake wa umeme wa mita 10, na kila anapoukunjua huniuliza kama nina hakika soketi iko kushoto.