Uma ni kichwa, uma ni maji

Asubuhi yangu ya tatu mjini Puno, kusini mwa Peru, niliamka kichwa kikinigonga kana kwamba kuna mtu anatwanga kisamvu ndani yake. Mji huo uko kando ya Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na mimi niliyekulia pwani sikuwa nimezoea hewa nyepesi namna ile. Hata hivyo sikukubali kubaki kitandani. Nilikuwa mwanafunzi wa isimu, na nilikuwa nimekuja na daftari pamoja na dhana niliyoipenda kupita kiasi, kwamba Kikechua na Kiaimara, lugha mbili za wenyeji wa milima ya Andes, ni ndugu wa tumbo moja.

Dhana hiyo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1950 mwanaanthropolojia J. Alden Mason aliiita familia hiyo Quechumaran, na mwaka 1968 wanaisimu Orr na Longacre wakajaribu kuiunda upya lugha mama ambayo ingezizaa zote mbili. Puno palinifaa kwa sababu vijiji vya kaskazini mwa mji husema zaidi Kikechua na vya kusini Kiaimara, na sokoni wauzaji wa pande zote mbili huketi bega kwa bega.

Nilichuchumaa mbele ya wanawake wawili waliopanga mafungu ya viazi na ya chuño, yaani viazi vilivyogandishwa kwa baridi ya usiku kisha vikakaushwa juani, nikawaomba kwa Kihispania wanihesabie. Wa kwanza alihesabu kwa Kikechua: huk, iskay, kimsa, tawa, pisqa, suqta. Mwenzake akafuata kwa Kiaimara: maya, paya, kimsa, pusi, phisqa, suxta. Walipofika kumi, mmoja alisema chunka na mwingine tunka. Niliandika kwa mkono unaotetemeka, kwa baridi na kwa furaha, na juu ya ukurasa nikaandika kwa herufi kubwa: NDUGU.

Hapo kichwa kikanizidi. Muuzaji wa Kikechua alikuwa amegeukia mteja, kwa hiyo nikamwambia jirani yake sentensi niliyoikariri darasani: "Umaymi nanawashan," kichwa kinaniuma. Alinitazama kwa huruma, akainama chini ya meza, akanimiminia kikombe cha maji. Nikarudia, nikikazia neno la kwanza ili anielewe vizuri zaidi, akaniongezea maji. Yule wa Kikechua alipogeuka na kutuona alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shali, kwa maana uma kwao ni kichwa, na kwa mwenzake uma ni maji. Kichwa kwa Kiaimara ni p'iqi.

Jioni nilimwonyesha mwalimu aliyetuongoza orodha yangu, bila kumtajia maji. Hakubishana nami. Aliniomba tu nihesabu kwa Kiswahili, na nilipofika sita, saba, nikanyamaza mwenyewe, kwa sababu nilijua tisa ilikuwa njiani na kwamba zote tatu tulizipata kwa Waarabu, ilhali hakuna anayekiita Kiswahili ndugu wa Kiarabu. Kisha akaandika neno la mkate: t'anta kwa Kikechua cha Cuzco, t'ant'a kwa Kiaimara, na tanta, bila ule mpasuko wa kooni unaoandikwa kwa alama ', kwa Kikechua cha Ayacucho, eneo jingine la Peru lililo mbali zaidi na Waaimara, kana kwamba mpasuko nao uliazimwa kwa jirani. Akaongeza mkono, ambao ni maki upande mmoja na ampara upande wa pili, na nyumba, ambayo ni wasi na uta. Maneno ya nyumbani kabisa yalikuwa yanaachana, na yale ya sokoni ndiyo yaliyofanana. Bado naona kwamba hilo pekee haliufuti undugu wa kale sana, kwani majirani waliokaa pamoja kwa karne nyingi wanaweza pia kuwa binamu. Lakini ukurasa wangu haukuwa ushahidi wake. Nilikata neno NDUGU kwa mstari mmoja.

Kesho yake nilirudi sokoni, nikakigusa kichwa na kusema, "P'iqi." Muuzaji wa Kiaimara alitikisa kichwa: p yangu ilikuwa laini mno. Alinirudishia mara tatu, akipasua midomo kama anayefungua kizibo cha chupa, na mara ya nne aliponikubalia, aliinama chini ya meza na kunipa maji vilevile.