Stempu ya Mtakatifu Anna

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la nne, Moshi, na nilikuwa na kichaa cha stempu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa anasoma Warsaw, Poland. Barua zake zilipitia sanduku la posta la parokia, na mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua Jumapili baada ya misa. Mama akishasoma, bahasha inakuwa yangu.

Jumapili hiyo mama hakuwepo. Alikwenda kumwona mzazi na angelala huko huko. Kwenye bahasha palikuwa na stempu ambayo sijawahi kuona mfano wake: uso wa mwanamke, macho makubwa, kichwa kimefunikwa kitambaa cha zambarau, kidole kimoja mdomoni kama anayekuambia nyamaza.

Nyingine nilizibandua kwa kucha zikachanika. Mwenzangu mmoja akanifundisha: loweka kwenye maji ya vuguvugu, itajitoa yenyewe. Hakusema barua itolewe kwanza. Na nani angedhani mtu anahitaji kuambiwa?

Niliiweka bahasha nzima kwenye karai. Haikuchukua muda, yule mwanamke akaachia karatasi, akaelea. Nikamwopoa kwa vidole viwili, nikamlaza kifudifudi dirishani akauke. Ndipo nikaona maji yamekuwa ya buluu. Mjomba hakuwa mtu wa biki, aliandika kwa kalamu ya wino wa chupa. Nilifungua bahasha nikakuta karatasi mbili zimekuwa mawingu matupu, yamebaki maneno mawili tu juu: "Dada mpendwa".

Nikazianika, nikazificha chini ya godoro. Mama aliporudi akauliza kama kuna barua. Nikasema hamna.

Wiki tatu baadaye, saa nne usiku, mlango ukagongwa. Mjomba! Katoka Dar kwa basi, kabeba sanduku kichwani tangu stendi, na nyumbani hakuna chakula ila makande yaliyobaki ya mchana. Mama alimkumbatia huku anamgombeza.

"Si ungeandika?"

"Niliandika, dada. Siku na saa, vyote niliandika."

Wote wawili wakanigeukia. Sijui sura yangu ilikuwaje, maana hakuna aliyeniuliza swali la pili. Nikaenda kuleta ushahidi wote, karatasi na daftari la stempu. Mama alikuwa ameshashika mwiko.

"Mwache kwanza," mjomba akasema. Akasogeza daftari kwenye kibatari, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ni Mtakatifu Anna, bibi yake Yesu. Mwenyewe nimemwona Warsaw, makumbusho. Ametoka Faras."

"Farasi yuko wapi?" nikauliza, maana kwenye picha sikumwona.

Hapo hata mwiko ulishuka. Faras, akaeleza, ni mahali kule Nubia, mpakani mwa Sudan na Misri. Palikuwa na kanisa kuu lililofukiwa na mchanga kwa mamia ya miaka, kuta zake zimejaa picha za malaika, watakatifu na maaskofu weusi kama sisi. Huyu Anna alichorwa yapata miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Wapoland walichimba kuanzia 1961 hadi 1964, wakikimbizana na bwawa la Aswan, kwani maji ya Nile yalikuwa yanakuja kufunika kila kitu. Waliondoa picha kama 120. Karibu nusu zikaenda Warsaw, nyingine zikabaki Khartoum. Mwaka 1971 posta ya Poland ikazitolea stempu.

"Waliziondoaje ukutani?" Nilisahau kabisa kwamba nina kesi.

"Walizibandika karatasi laini kwa nta ya nyuki, wakapitisha pasi ya moto, kisha wakazikata kwa msumeno pamoja na udongo wake. Zile rangi zilipakwa kwenye plasta kavu, mjomba. Maji yangezimaliza."

Mama hakuwa anasikiliza habari za Nubia. Alikuwa ameshika zile karatasi mbili, anazigeuza huku na huku.

"Na huku nyuma uliandika nini?"

"Aa, dada, sikumbuki vizuri. Habari za kawaida tu."

"Kurasa nne za habari za kawaida?"

Mjomba akanyamaza.

Asubuhi nilimkuta mama na pasi ya mkaa. Alikuwa anazipiga pasi zile karatasi, moja moja, taratibu, akiinua kila mara kutazama.