Paka wawili, panya wawili na kobe asiyejali

Watu wakisikia nafuga panya na paka chini ya paa moja, swali ni lile lile: "Bado hawajaliwa?" Bado. Huu ni mwaka wa pili. Ila karibu waliwe siku ya tatu tu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kurwa na Doto walikuja kwa bahati. Mpwa wangu alikuwa anahamia bweni lisiloruhusu mnyama wa aina yoyote, akaniomba nimtunzie kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Ni panya wa kufugwa, ingawa ukoo ni mmoja na yule wa kahawia anayekimbia kwenye mitaro. Kurwa mweupe mtupu, Doto ana kichwa cheusi kama aliyevaa kofia. Tayari nilikuwa na Bi Kizee, paka wa miaka 11 anayetaka jua na amani, na Moshi, dume la miaka 2 ambalo hata nzi hampiti. Na kobe, tunamwita Mzee. Huyo nitamrudia.

Nilidhani kazi yangu ni kuwazoesha. Nilishaona picha za paka amelala huku panya kamkalia mgongoni, nikaamini ni suala la muda. Basi nikaliweka tundu sebuleni juu ya meza fupi ili waonane. Moshi akaja, akaketi. Hakuruka, hakulia. Nikamsifu kabisa, "mtoto mzuri, mstaarabu." Leo nikikumbuka ule ustaarabu nacheka kwa uchungu: masikio yote mbele, mboni zimetanuka hadi jicho likawa jeusi, mwili hautikisiki ila ncha ya mkia tu. Nikaenda jikoni mara moja. Niliporudi, mkono wake ulikuwa umepita katikati ya waya hadi kiwiko, na mkia wa Kurwa ulikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Mkwaruzo ulikuwa mdogo hata nikafikiria kuuacha ukauke wenyewe. Bora sikuuacha. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba mdomo wa paka una bakteria waitwao Pasteurella, na kwa kuwa paka hujilamba kutwa, hata kucha zake si salama. Jeraha lake hufunga upesi juu huku chini linatunga usaha. Kurwa akaandikiwa antibiotiki ya maji, nami nikawa namdondoshea mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, yeye ananitazama kama mwizi.

Kilichonikera zaidi nilikijua baadaye. Sikio la mtu huishia kama kilohezi 20 (kipimo cha wembamba wa sauti); sauti nyembamba kuliko hapo hatuisikii. Panya akiogopa hupiga mlio wa kilohezi 22 hivi, na wakicheza kwa raha hufika 50. Paka husikia zaidi ya 60. Maana yake ile sebule niliyoiona imetulia huenda ilikuwa imejaa mayowe. Mwindaji anasikia, mwindwa anasikia, kiziwi ni mimi mwenye nyumba.

Harufu nayo ina mambo yake. Jioni moja nilikuwa nimempakata Bi Kizee, nikainuka moja kwa moja nikatia mkono tunduni. Doto, ambaye kila siku hupanda mkono wa shati hadi begani, aliganda. Manyoya yamesimama, pumzi zinakwenda mbio, hataki kunusa hata kidole. Nikajiuliza kaumwa nini, mpaka nilipojinusa. Tangu hapo naosha mikono hadi kwenye kiwiko, na nyuma ya mlango wa chumba cha panya kuna shati limetundikwa ambalo halitoki chumbani humo. Wageni hulicheka. Doto halicheki.

Hapo ndipo nilipoacha habari ya urafiki. Nilichokuwa nakihitaji ni paka aone panya ni kitu cha kuchosha, kama ukuta. Tundu nikalihamishia chumba chenye mlango unaofunga sawasawa. Nikatafuta jingine lenye waya wa nafasi isiyozidi sentimita moja, usiopitisha hata kidole cha paka, nikaliegemeza pembeni na kufunika pande mbili kwa mbao, ili panya wawe na mahali pa kutoonekana. Ndani kuna vijumba viwili vya kujificha, maana panya asiye na pa kukimbilia huishi na hofu hata kama hajaguswa.

Moshi nilimshughulikia kivyake. Kumshibisha peke yake hakutoshi, paka huwinda hata akiwa ameshiba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotoka 2021, ulionyesha kwamba paka waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku walipunguza mawindo wanayoleta nyumbani kwa asilimia 25, na chakula chenye nyama nyingi kilipunguza zaidi, asilimia 36. Kengele ya shingoni haikuonekana kusaidia. Nami kengele nilikwisha inunua, basi. Sasa kila jioni namkimbiza na unyoya uliofungwa kwenye fimbo, naburuta sakafuni, naupeleka chini ya kiti, namwacha aukamate kweli kweli, halafu anakula. Akianza kujilamba ujue kazi imekwisha. Hapo paka wanafungiwa chumbani na panya wanatoka kutembea. Hawa wanatembea, wale wamefungiwa, kamwe si wote kwa pamoja. Sitaki kujaribu, hata Moshi aape.

Ilichukua kama miezi minne kabla hajaacha kulinda ule mlango. Bi Kizee aliacha wiki ya kwanza, nadhani kwa umri zaidi kuliko kwa tabia njema.

Kobe hakuleta vita, alileta taa. Mzee anahitaji taa ya joto upande mmoja wa boksi lake, na hakuna paka duniani anayepita mahali penye joto bila kulala. Nilimkuta Bi Kizee amejinyoosha chini ya taa, Mzee anamsukuma ubavuni taratibu kwa gamba, dakika baada ya dakika, bila hasira, mpaka bibi akainuka akaondoka. Nikaweka kifuniko cha waya, nikamwekea bibi mto wake juu ya kabati karibu na dirisha. Kwa kobe jambo la kukumbuka ni mikono: anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu, bila yeye kuugua, kwa hiyo vyombo vyake haviingii kwenye sinki la jikoni.

Kurwa na Doto sasa wanazeeka. Panya wa kufugwa mara nyingi huishi miaka miwili hadi mitatu tu, na Kurwa ameanza kupanda ngazi za tundu kwa kusitasita, kwa hiyo nimezishusha. Moshi hupita mbele ya mlango wao bila kugeuza kichwa. Nilishaanza kujipongeza, hadi juzi niliporudi nikakuta komeo la juu limefunguka na la chini limeshika. Yeye alikuwa sakafuni, amelala chali mbele ya mlango, macho nusu yamefumba, ncha ya mkia inacheza.

Nimefunga komeo la tatu.